Saratani ya matiti: Mwanamke wa makamo ajue nini kabla ya kupimwa

KILA ifikapo mwezi wa Oktoba, utepe wa rangi ya waridi hutapakaa kote nchini. Hospitali hutangaza punguzo la ada ya vipimo, kampuni huwavisha wafanyakazi wao fulana, nazo redio huwasihi wanawake wajitokeze kupimwa saratani ya matiti. Ujumbe huwa mmoja tu: nenda ukapimwe.

Ni nadra, hata hivyo, mwanamke huyo kuelezwa anapimwa kitu gani, kwa nini umri wake unahusika, kipimo kitamfaidi kwa kiasi gani na kinaweza kumletea usumbufu upi. Matokeo ni kwamba baadhi hukimbilia kipimo wasichokielewa na wengine hukikwepa kwa hofu. Kuna pia wale ambao tayari wana uvimbe lakini hungoja kambi ya bure ya Oktoba, ilhali walipaswa kumwona daktari tangu Februari.

Jambo hili si dogo. Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti ulimwenguni mwaka 2022, na wapatao 670,000 wakafariki. Nchini Kenya, makadirio ya mwaka huo yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 7,000 na vifo zaidi ya 3,000. Hapa kwetu ndiyo saratani inayogunduliwa kwa wingi kuliko nyingine zote, na wengi wa wanaougua hufika hospitalini ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo tiba ni ghali na matumaini ni finyu.

Makala haya yanamlenga mwanamke wa umri wa miaka 40 hadi 60 hivi. Huu ndio umri ambao hatari huanza kuwa kubwa, na ndio umri ambao wataalamu wenyewe wamejadiliana zaidi kuhusu lini kipimo kianze na kirudiwe baada ya muda gani.

Mambo mawili yasiyofanana

Kwanza kabisa, ni sharti kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni uchunguzi wa mwanamke asiye na dalili yoyote. Huyu anajihisi mzima, na anapimwa ili kama kuna saratani iliyojificha ipatikane kabla haijajitokeza. Uchunguzi wa aina hii una faida na hasara zake, na mwanamke ana haki ya kuupima kwa mizani yake kabla ya kuukubali au kuukataa.

La pili ni uchunguzi wa mwanamke aliye na dalili. Dalili hizo ni kama vile uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu iliyoanza kuingia ndani, majimaji au damu inayotoka kwenye chuchu bila sababu, ngozi iliyokunjamana mithili ya ganda la chungwa, au titi moja kubadilika umbo na rangi. Hapa hakuna mjadala wa faida na hasara. Mwanamke huyu anahitaji kumwona daktari mara moja, awe ana miaka 28 au 68.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya uvimbe wa matiti si saratani. Lakini hakuna awezaye kujua hilo kwa kukisia, na kutokuwa na maumivu si dalili ya usalama, kwani saratani ya matiti mara nyingi huanza bila kuuma. Kwa hivyo mwenye dalili asiyasome maelezo ya hapa chini akadhani yanampa ruhusa ya kungoja.

Mamogramu ni nini?

Kipimo kinachotumika sana kwa wanawake wasio na dalili ni mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi. Mwanamke husimama mbele ya mashine, titi likawekwa juu ya bamba na kubanwa kwa bamba jingine kwa sekunde chache. Kila titi hupigwa picha mara mbili, kutoka juu na kutoka ubavuni. Kazi yote huchukua takriban dakika 20.

Kubanwa huko huleta usumbufu, na kwa wengine maumivu, lakini husaidia picha kuwa wazi na kupunguza kiasi cha mionzi kinachohitajika. Anayeendelea kupata hedhi hushauriwa kwenda juma moja baada ya hedhi kwisha, wakati ambapo matiti hayaumi sana. Pia huambiwa asijipake poda wala dawa ya kuondoa harufu kwapani siku hiyo, kwa kuwa chembechembe zake huweza kuonekana kwenye picha kama kasoro.

Kuhusu mionzi, hofu ya wengi ni kubwa kuliko hali halisi. Kiasi anachopata mwanamke kwa mamogramu moja kinakaribiana na mionzi ya asili ambayo kila mtu huipata kutoka kwa mazingira yake kwa muda wa majuma saba hivi.

Nguvu ya mamogramu ni kuona kilicho kidogo mno kuguswa kwa mkono. Udhaifu wake ni kwamba haioni kila kitu. Nyama ngumu ya titi huonekana nyeupe kwenye picha, na saratani nayo huonekana nyeupe. Kwa wanawake walio na matiti yenye nyama nyingi kuliko mafuta, hasa walio chini ya miaka 50, uvimbe huweza kujificha humo. Kwa ujumla, mamogramu hukosa kuona saratani moja kati ya nane hivi. Ndiyo maana daktari huweza kuongeza kipimo cha ultrasaundi, na ndiyo maana jibu la kwamba “hakuna kitu” halimpi mwanamke idhini ya kupuuza uvimbe utakaojitokeza miezi mitatu baadaye.

Faida kwa hesabu

Mara nyingi husikika kwamba mamogramu hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa asilimia 20. Takwimu hiyo ina msingi, lakini ikisimama peke yake inaweza kumpotosha msikilizaji akadhani kwamba katika kila wanawake 100 wanaopimwa, 20 huokolewa. Sivyo.

Mwaka 2012, jopo huru la wataalamu nchini Uingereza lililoongozwa na Profesa Michael Marmot lilipitia upya majaribio yote makubwa yaliyokuwa yamefanywa kuhusu suala hili. Lilikadiria kwamba wanawake 10,000 wakialikwa kupimwa kuanzia umri wa miaka 50 kwa muda wa miaka 20, vifo 43 vya saratani ya matiti vitazuiwa. Hata hivyo, wanawake 129 katika kundi hilo watagunduliwa kuwa na saratani ambayo isingewahi kuwasumbua maishani mwao.

Tuipunguze hesabu hiyo ili ieleweke. Chukua wanawake 1,000 waliojaa katika uwanja wa shule. Wote wakialikwa kupimwa kwa miaka 20, takriban wanne wataepuka kifo ambacho kingewapata, na 13 watatibiwa saratani ambayo haingewadhuru. Wengi wa waliosalia hawatapata saratani ya matiti kamwe, kwa hivyo kipimo hakitabadilisha mwisho wao.

Je, wanne kati ya 1,000 ni wachache? Jibu linategemea anayeulizwa. Kwa familia za wanne hao, idadi hiyo ni kila kitu. Kwa mwanamke mwingine, uwezekano wa kukatwa titi au kupewa dawa kali bila sababu ni jambo zito pia. Hapa ndipo takwimu zinapokoma na maamuzi ya mtu binafsi yanapoanza.

Isitoshe, hesabu hizo ni za Uingereza, ambako anayegunduliwa huanza matibabu bila kulipa mfukoni. Kipimo chenyewe hakimponyi mtu. Kinachoponya ni matibabu yanayofuata. Mahali ambapo matibabu huchelewa au hukatizwa kwa ukosefu wa fedha, faida hiyo hupungua.

Hasara ambazo hazitajwi

Hasara ya kwanza ni hofu isiyo na msingi. Picha inaweza kuonyesha kivuli cha kutiliwa shaka, mwanamke akaitwa tena kwa picha zaidi au hata kuchomwa sindano ili kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara, na hatimaye ikabainika kwamba hana ugonjwa. Nchini Marekani, wanawake wanaopimwa kila mwaka kwa miaka 10 huitwa tena bila kuwa na saratani angalau mara moja kwa kiwango cha takriban nusu yao. Kati ya wanaoitwa tena baada ya picha ya kwanza, chini ya mmoja kwa kila 10 ndiye hupatikana na saratani. Anayelijua hili mapema hatazirai akipigiwa simu arudi hospitalini; asiyelijua hulala usiku kucha akiwagawia watoto urithi.

Hasara ya pili ni ile ya ugunduzi wa ziada, iliyotajwa katika hesabu za jopo la Marmot. Si kila saratani ina kasi moja. Zipo zinazokua polepole mno kiasi kwamba mwanamke angezeeka na kufariki kwa sababu nyingine bila kujua anazo. Nyingine ni seli zilizobadilika ndani ya mirija ya maziwa ambazo hazijapenya nje, na baadhi yake hazitapenya kamwe. Shida ni kwamba daktari akishaziona hawezi kusema kwa uhakika ni ipi itakayokuwa hatari, kwa hivyo zote hutibiwa. Mwanamke aliyetibiwa bila haja hatajua hivyo katu. Atashukuru kwamba ameokolewa.

Hasara ya tatu ni utulivu wa uongo. Aliyepata jibu zuri mwezi Januari anaweza kuupuuza uvimbe wa Agosti akijiambia kwamba amekwisha kupimwa. Saratani zinazojitokeza kati ya kipimo kimoja na kingine aghalabu ndizo zenye kasi.

Kwa nini nchi hazikubaliani?

Mwanamke anayefuatilia habari hizi huweza kuchanganyikiwa. Uingereza huwaalika wanawake kuanzia miaka 50 hadi wanapotimiza miaka 71, mara moja kila miaka mitatu. Nchini Marekani, jopo la kitaifa la ushauri wa kinga lilisema mwaka 2009 kwamba wapimwe walio na miaka 50 hadi 74 kila baada ya miaka miwili, na walio katika miaka ya arobaini waamue wenyewe wakishauriana na madaktari. Mwaka 2024 jopo hilo hilo lilibadilisha msimamo, likapendekeza kipimo kianze katika miaka 40. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuongezeka kwa ugonjwa kwa wanawake wa umri huo, na ukweli kwamba wanawake weusi nchini humo wana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 40, wa kufa kwa saratani ya matiti kuliko wanawake weupe.

Kwa upande wa Kenya, mwongozo wa kitaifa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2018 ulipendekeza mamogramu kila mwaka kwa wanawake wa miaka 40 hadi 55, na kila miaka miwili kwa walio na miaka 56 hadi 74.

Tofauti hizi hazimaanishi kwamba mmoja anasema kweli na mwingine anadanganya. Wote wanatazama hesabu zinazokaribiana. Katika miaka ya arobaini saratani ni chache kuliko katika miaka ya sitini, na picha za matiti huwa ngumu kusomeka, kwa hivyo wanaosumbuliwa bure ni wengi zaidi kwa kila mmoja anayeokolewa. Kwa upande mwingine, mwanamke wa miaka 44 anayeokolewa ana miaka mingi mbele yake, na pengine watoto wanaomtegemea. Hili lina uzito wa pekee barani Afrika, ambako wanawake wengi hugunduliwa kabla ya kufikisha miaka 50.

Pasipo na mashine

Ukweli wa mambo ni kwamba mamogramu haipatikani kila mahali. Mnamo 2015 serikali ilianza mpango wa kukodishia hospitali za kaunti vifaa vya matibabu, zikiwemo mashine za kupiga picha. Lakini mashine bila mtaalamu wa kuisoma picha ni chuma tu, na wataalamu hao wamejazana mijini.

Je, mwanamke wa kijijini hana la kufanya? Analo. Uchunguzi wa mkono wa muuguzi au tabibu aliyefunzwa una thamani yake. Mjini Mumbai, India, watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 150,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64 kwa muda wa miaka 20. Nusu yao walichunguzwa matiti kwa mkono kila miaka miwili na wahudumu wa afya wa kike waliopewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba saratani zao ziligunduliwa mapema zaidi, na kwa waliozidi miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo, hata hivyo, vifo havikupungua.

Vipi kuhusu kujipapasa mwenyewe? Katika jiji la Shanghai, China, wafanyakazi wa kike zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo walishirikishwa katika jaribio ambalo nusu yao walifundishwa kujichunguza kwa utaratibu maalumu. Matokeo ya mwaka 2002 yalibaini kwamba vifo havikupungua, bali waliofundishwa walifanyiwa upasuaji zaidi wa uvimbe usio wa saratani. Funzo lililopo si kwamba mwanamke aache kujigusa. Wataalamu sasa humshauri ayajue matiti yake katika hali yake ya kawaida, na aende hospitalini haraka akiona badiliko, badala ya kutegemea kujipapasa kwa ratiba kana kwamba ni kinga kamili.

Hatari si sawa kwa wote

Umri na kuwa mwanamke ndivyo visababishi vikubwa vya hatari. Vingine ni kuanza hedhi mapema na kuikoma kwa kuchelewa, kutozaa, unywaji wa pombe, unene wa kupindukia baada ya hedhi kukoma, na matumizi ya muda mrefu ya homoni mseto za kutuliza dalili za kukoma hedhi. Anayetumia homoni hizo na amzungumzie daktari wake suala hili. Asiziache kwa hofu wala asiendelee nazo kwa kutojua.

Walio na mama, dada au binti aliyeugua wana hatari zaidi, hasa ikiwa jamaa huyo aliugua akiwa na umri mdogo au kama kuna saratani ya ovari katika ukoo. Wachache hurithi kasoro katika jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, na zaidi ya 60 kati ya kila wanawake 100 wenye kasoro hiyo huugua saratani ya matiti maishani. Hawa hawafai kufuata ratiba ya kawaida. Wanahitaji uchunguzi wa mapema na wa karibu zaidi. Pamoja na hayo, wengi wanaougua hawana jamaa yeyote aliyewahi kuugua. Kusema “kwetu haiko” si kinga.

Maswali ya kumwuliza daktari

Mwanamke anayefikiria kupimwa anashauriwa aende na maswali yafuatayo, na asione haya kuyasoma kutoka kwenye karatasi:

Kwa umri wangu na historia ya ukoo wetu, hatari yangu ni ya kiasi gani?

Je, picha itasomwa na nani, na nitapata majibu baada ya siku ngapi?

Nikiambiwa kuna kivuli, hatua inayofuata ni ipi, itafanyiwa hospitali gani na itagharimu pesa ngapi?

Bima yangu inalipia kipimo, au inalipia tu matibabu ya aliyekwisha kuugua? Swali hili ni muhimu zaidi tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024.

Nikiamua kutopimwa mwaka huu, nitazame dalili zipi, na nirudi lini?

Swali la tatu ndilo husahaulika zaidi. Kambi ya bure hupima watu 300 kwa siku moja, kisha mahema yakang'olewa jioni. Aliyekutwa na kasoro huachwa na karatasi mkononi bila kujua aende wapi. Mpango wa kimataifa wa WHO ulioanzishwa mwaka 2021 unataka ugonjwa uthibitishwe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa kufika kituo cha afya, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe matibabu. Kabla ya kuingia kwenye hema lolote, ni busara kuuliza nani atakufuatilia.

Uamuzi ni wako

Tuchukulie wanawake wawili, wote wa miaka 45. Mmoja anaishi mjini, ana bima, na dada yake aliugua akiwa na miaka 42. Akiamua kupimwa kila mwaka, ana sababu nzuri. Wa pili hana jamaa aliyeugua, mashine iko mbali, na nauli pamoja na ada ya kipimo ni karo ya mtoto. Akiamua kuchunguzwa kwa mkono na muuguzi wa zahanati iliyo karibu, na kumwona daktari bila kukawia akiona badiliko, naye hajakosea. Anayekosea ni yule anayeamua bila kuelezwa, au anayeamuliwa na wengine.

Katika nyumba nyingi, pesa za hospitali hupitia mikononi mwa mume au wanawe. Ni vyema basi nao wayaelewe haya, maana mwenye uvimbe akiambiwa angoje mavuno ndipo atibiwe, ugonjwa hautangoja. Kipimo cha asiye na dalili kinaweza kujadiliwa hata kwa miezi miwili pasipo hasara kubwa, lakini kwa aliye na dalili, hata majuma mawili ni mengi.